Protini za utando wa seli hushikaje mizigo yake?

Chukua glukosi ya kawaida, ile inayozunguka kwenye damu, na pembeni yake uweke pacha wake wa kwenye kioo. Zote mbili zina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Uzito ni mmoja, kwenye maji zinayeyuka sawasawa, na hata ukizionja zote ni tamu. Tofauti yake ni ile ya kiganja cha kulia na cha kushoto: vidole ni vitano kwa vitano, lakini glavu ya huku haivaliki kule. Sasa zitie zote kwenye maji yenye seli nyekundu za damu. Glukosi ya kawaida inaingia ndani ya seli kwa muda wa sekunde. Pacha wake anabaki nje.

Jaribio hili linaifuta kabisa ile picha tuliyochorewa wengi wetu darasani: utando wa seli ni ukuta, katikati ya ukuta kuna bomba, na vidude vya duara vinapita ndani ya bomba hilo kutoka palipo na vingi kwenda palipo na vichache. Njia ingekuwa bomba, pacha hao wangepita wote wawili, maana unene wao ni uleule. Mmoja akipita na mwenzake akikataliwa, basi mlangoni pana kitu kinachopapasa. Kinaipapasa molekuli kona kwa kona, kinaitambua, kinaishika, halafu kinaiachia upande wa pili. Hapo kwenye kuachia ndipo penye utamu wa habari yenyewe, na ndipo vitabu vingi vinapopita haraka.

Kitu hicho ni protini. Ile inayopitisha glukosi kwenye seli nyekundu inaitwa GLUT1, nayo ni mmoja tu wa ukoo mkubwa wa protini ambazo hapa nitaziita visafirishi.

Kuvuliwa maji, kuvishwa protini

Kwa nini molekuli ihitaji kubebwa? Utando wa seli ni safu mbili za mafuta zilizolaliana, na sehemu yake ya mafuta matupu ina unene wa nanomita 3 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo safari yenyewe ni fupi mno. Ugumu haupo kwenye umbali. Glukosi ina vikundi 5 vya oksijeni na haidrojeni vilivyochomoza pande zake zote, na kila kimoja kimeshikana na molekuli za maji zinazoizunguka. Mishiko hiyo, inayoitwa vifungo vya haidrojeni, mmojammoja ni dhaifu, lakini kwa wingi wake ina nguvu. Ili iingie kwenye mafuta, glukosi lazima iyavue maji hayo yote, na mafuta hayana cha kuipa badala yake. Kwa hiyo inarudi ilikotoka. Ioni ya sodiamu hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu ina chaji ya umeme na maji yameing'ang'ania kwelikweli.

Kazi ya kwanza ya kisafirishi, basi, ni kufidia. Ndani yake kuna mfuko mdogo ambao kuta zake zimepangwa atomu za oksijeni na nitrojeni palepale ambapo maji yangekuwepo. Molekuli inapoingia, inavuliwa maji huku ikivishwa protini, kifungo kwa kifungo, bila kuachwa uchi hata kidogo.

Tunaweza kuutazama mfuko huo kwa karibu. Mwaka 2014 kundi la Nieng Yan katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, lilichapisha umbo la GLUT1 ya binadamu, na mwaka uliofuata likaonyesha ndugu yake, GLUT3, akiwa ameikamata glukosi tumboni, kwa picha kali inayofikia nanomita 0.15. Protini hizi zimesokotwa mara 12 kupita kwenye utando, misokoto 6 ikifanya nusu ya kwanza na 6 nusu ya pili. Sukari inakaa katikati, kati ya nusu hizo mbili. Ajabu ni kwamba mikono inayoishika haitoki pande zote kwa usawa: mingi inatoka nusu ya pili. Mikono hiyo ni ya asidi amino, vile vipande vinavyojengea protini: glutamini mbili zilizofuatana zinashika upande mmoja, asparajini zinashika mwingine, na triptofani, asidi amino kubwa yenye bapa, inajilaza kando ya sukari.

Sasa mrudie yule pacha wa kwenye kioo. Vikundi vyake vya oksijeni vipo vyote 5, ila vinaelekea kusiko. Kimoja kinagonga ukuta, kingine kinanyoosha mkono palipo patupu. Vifungo havitimii, gharama ya kuvua maji hailipwi, na safari inaishia mlangoni. Uteuzi wa kisafirishi ni huo tu. Hakuna anayekagua hati. Kuna hesabu ya vifungo inayotimia au isiyotimia. Ndiyo maana pia kisafirishi kinaweza kudanganyika kidogo. Galaktosi inatofautiana na glukosi kwa kikundi kimoja tu kilichogeuzwa, na kisafirishi cha SGLT1 kwenye utumbo huzibeba zote mbili. Fruktosi hakiipokei, hiyo ina wa kwake, GLUT5.

Chumba chenye milango miwili

Kushika peke yake hakuvushi kitu. Mwaka 1952 Mwingereza Wilfred Widdas, akichunguza jinsi glukosi inavyovuka kondo la nyuma la kondoo, aliona kwamba mwendo wa sukari haupandi bila kikomo unapozidi kuongeza sukari. Unapanda, unapunguza kupanda, kisha unafika mahali unagoma. Vitu vinavyojipitia vyenyewe haviko hivyo. Mwendo unaogoma ni dalili ya vibebaji vyenye idadi maalumu, na kila kimoja kikishajaa, anayekuja inabidi asubiri. Widdas alifikiria kitu kinachoelea kutoka upande huu hadi ule kama mtumbwi. Wazo la kubeba lilikuwa sahihi. Mtumbwi haukuwa sahihi. Protini kubwa hivyo haiwezi kujipindua ndani ya mafuta kila inapobeba molekuli moja.

Jawabu lilikuja kwenye makala fupi sana ya Oleg Jardetzky mwaka 1966, ingawa Peter Mitchell alikuwa ameshaligusa mwaka 1957. Fikiria chumba kimoja chenye milango miwili, mmoja nje na mmoja ndani, wenye sharti kwamba haifunguki yote kwa wakati mmoja. Mlango wa nje uko wazi, molekuli inaingia na kushikwa. Mlango wa nje unafungwa. Kwa kitambo kidogo milango yote miwili imefungwa na molekuli imefungiwa katikati. Kisha wa ndani unafunguka. Mfuko haukusogea sana. Kilichobadilika ni upande unaoukabili.

Kwenye GLUT jambo hili linaonekana kwa macho, kama picha za atomu ni macho. Kipande cha msokoto wa 7 hujikunja kuielekea sukari na kuuziba upande wa nje, nusu mbili za protini huzungukana, na msokoto wa 10 hulegea upande wa ndani. Visafirishi vingine vina staili yao. Vile vya glutamati, kama alivyoonyesha Olga Boudker na wenzake mwaka 2009, huishusha sehemu nzima ya protini pamoja na mzigo wake, mithili ya lifti, kwa zaidi ya nanomita 1.5. Sharti la milango miwili linabaki lilelile.

Sharti hilo lina gharama. Mfereji wa ioni, ambao ukifunguka huwa wazi moja kwa moja, unaweza kupitisha mamilioni ya ioni kwa sekunde. GLUT1 inapitisha mamia hadi elfu na zaidi kidogo tu, kwa sababu kwa kila glukosi moja protini nzima inabidi ijipange upya.

Nani anausukuma mlango?

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokwama muda mrefu. GLUT1 haitumii ATP, molekuli inayolipia nishati ya kazi nyingi za seli, wala umeme. Nani basi anazifunga na kuzifungua hizo nusu mbili zenye mamia ya asidi amino? Joto la kawaida linazitikisa, sawa. Lakini kwa nini zitikisike kwa mpango unaohusiana na mzigo?

Wengi tumezoea mfano wa kufuli na ufunguo alioutoa Emil Fischer mwaka 1894 akizungumzia vimeng'enya. Kwa visafirishi mfano huo unapotosha. Ufunguo unaoenea barabara kwenye kufuli hauna sababu ya kutoka. Kushikana kunatoa nishati. Molekuli ikipata mfuko uliokwisha kukaa sawasawa na umbo lake, itatumbukia humo kama jiwe kisimani, na kuitoa itabidi ulipe kiasi kilekile. Kisafirishi chenye mshiko wa namna hiyo kimeziba.

Martin Klingenberg, mwanabiokemia wa Ujerumani, alilitatua fumbo kwa kuligeuza. Alisema mfuko haukai vizuri na mzigo pale mlango wa nje ulipo wazi, wala pale wa ndani ulipo wazi. Unakaa vizuri zaidi katikati ya safari, wakati milango yote imefungwa. Molekuli inapoingia inapata mikono michache tu. Ikishashikwa na hiyo michache, inazivuta kuta nyingine zije, na kila ukuta unaokuja unaongeza kifungo. Nishati inayotokana na vifungo vipya ndiyo inayolipia kazi ya kuisogeza protini. Mlango unasukumwa na mzigo wenyewe. Katikati ikishapita, upande wa pili unaanza kufunguka, vifungo vinapungua kimoja baada ya kingine, na molekuli inaponyoka.

Kuna ushahidi ninaoupenda kwa sababu ni rahisi. Baada ya kuiachia glukosi ndani ya seli, GLUT1 inabidi igeuke tena kuelekea nje. Ikirudi mtupu, inachukua muda mrefu zaidi. Ukiweka sukari ndani ya seli ili irudi na mzigo, inageuka upesi. Kitu gani kingine chepesi kukibeba kikiwa kimejaa kuliko kikiwa kitupu? Haieleweki mpaka ukubali kwamba mzigo ni sehemu ya injini.

Klingenberg hakulipata wazo lake kwenye sukari bali kwenye kisafirishi cha mitokondria, vile vyumba vya seli vinavyotengeneza ATP, kinachobadilishana ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika, na ATP mpya. Kazi yake ni kubwa kupita kiasi: ATP inayotengenezwa na kutumika mwilini kwa siku moja hukadiriwa kulingana na uzito wa mwili wenyewe, na sehemu kubwa inapitia hapo. Kisafirishi hiki kina maadui wawili. Kabosiatraktilosaidi, sumu ya mimea fulani ya jamii ya mbaruti, huingia kutoka upande wa nje na kuking'ang'ania kikiwa kimefunguka huko. Asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria, hukishika kutoka upande wa ndani. Zote zinaua, kila moja kwa mlango wake. Kwa watafiti zilikuwa msaada mkubwa, kwani protini iliyokwama haitikisiki na unaweza kuipiga picha: umbo la kwanza lilipatikana mwaka 2003, na la pili, lililosubiriwa kwa hamu, mwaka 2019.

Mshiko mkali, mshiko hafifu

Ukishaelewa kwamba kushika sana ni kasoro, takwimu za visafirishi zinaanza kusomeka. Kipimo kinachotumika ni ukolezi wa mzigo unaokifanya kisafirishi kifike nusu ya kasi yake yote. Ukolezi mdogo maana yake mshiko mkali. Damu ya mtu mwenye afya aliyefunga ina glukosi milimoli 5 hivi kwa lita. GLUT3, iliyopo kwenye seli za neva, inafika nusu ya kasi kwenye milimoli 1.5 hivi, kwa hiyo hata sukari ikishuka damuni ubongo unaendelea kupata. GLUT2 ya ini inahitaji takribani 17. Kwa damu ya kawaida iko mbali na kujaa, hivyo sukari ikipanda baada ya kula, mwendo wake nao unapanda. Ini linachukua nyingi zikiwepo nyingi. Mshiko hafifu wa GLUT2 si udhaifu.

Mshika mawili

Mpaka hapa mzigo umekuwa ukiteremka tu, kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Seli za utumbo haziwezi kuridhika na hilo, zinataka kukusanya glukosi mpaka ya mwisho. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa Prague, Robert Crane alipendekeza kwamba sukari inapanda kwa kudandia sodiamu. Nje ya seli sodiamu ni milimoli 145 hivi kwa lita, ndani ni kama sehemu ya kumi yake, kwa hiyo daima inatamani kuingia. SGLT1 huingiza sodiamu 2 pamoja na glukosi 1.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. SGLT1 imeundwa kinyume: ikishika moja tu, haiendi popote. Sodiamu huja kwanza. Ikikaa mahali pake, inaunyoosha mfuko wa sukari na kuufanya uwe na mshiko mzuri. Glukosi ikija ndipo milango inapokubali kujifunga. Mradi sodiamu iko peke yake, protini inagoma kugeuka, na ugomaji huo ndio siri yote, maana ingekubali, sodiamu ingemwagika ndani bure na nguvu yake ingepotea bila kuvuta kitu.

Namna ioni inavyoweza kuutengeneza mfuko ilionekana wazi mwaka 2005, kundi la Eric Gouaux lilipochapisha umbo la LeuT, kisafirishi cha bakteria anayeishi kwenye maji ya moto mno, kikiwa kimeikamata asidi amino ya lusini. Misokoto miwili, wa 1 na wa 6, imefumuka katikati yake, na palipofumuka ndipo atomu za oksijeni zinapojitokeza kushika. Sodiamu zipo mbili. Moja inashikilia misokoto isitawanyike. Nyingine inaigusa lusini yenyewe, kwenye mkia wake wenye chaji hasi. Kwa maneno mengine, sodiamu hiyo ni tofali mojawapo la ukuta wa mfuko. Ikikosekana, ukuta una pengo.

Binadamu wana ndugu wa LeuT kwenye ubongo, SERT, anayerudisha serotonini, kemikali ya mawasiliano ya neva, ndani ya neva. Serotonini haina ule mkia wa chaji hasi. Sasa mfuko utakamilikaje? Mahali ambapo LeuT ina glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, SERT imeweka asidi aspatiki, ambayo inaleta mkia hasi wa kwake. Mzigo haukuja na kipande, protini ikakitoa mfukoni mwake. Katika biolojia yote nimeona mambo machache yaliyonifurahisha kama hili.

Maji yenye chumvi na sukari anayopewa mwenye kuharisha yamesimama juu ya sharti hilihili la SGLT1. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya ladha wala nguvu: bila hiyo, kisafirishi kingeikamata sodiamu na kusimama hapohapo. Vyote viwili vikiingia, maji yanavifuata.

Kubadilisha mshiko katikati ya safari

Hiyo sodiamu inayomiminika ndani lazima kuna anayeitoa. Ni pampu aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 kwenye neva za miguu ya kaa, ikampatia Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1997. Kwa kila ATP moja inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, zote zikipanda mlima.

Ujanja wake ni kwamba inabadilisha mshiko. Ikielekea ndani, inapenda sodiamu ingawa huko ni chache. ATP inapoibandika fosfati, protini inajipinda, inaelekea nje, na mfuko unakuwa na mshiko mbovu kwa sodiamu na mzuri kwa potasiamu. Usidhani kuna mifuko miwili tofauti. Kwa sehemu kubwa ni oksijeni zilezile, zimesogezwa kidogo. Nusu kipenyo cha ioni ya sodiamu ni nanomita 0.102, cha potasiamu ni 0.138. Tofauti ni nanomita 0.036, na hiyo inatosha: oksijeni zikikaribiana zinaikumbatia sodiamu na potasiamu haienei, zikiachana kidogo, potasiamu inakaa vizuri na sodiamu inapwaya. ATP inalipia huko kukaribiana na kuachana.

Dawa isiyojua kuachia

Mwaka 1835 wakemia walipata kwenye magamba ya mizizi ya mtufaha kitu kichungu kilichoitwa florizini. Mwaka 1886 Joseph von Mering akaona kwamba mnyama akipewa, mkojo wake unajaa sukari. Sababu iliyokuja kueleweka baadaye ni hii: florizini ni glukosi iliyofungiwa mkia mnene. Kichwa chake cha glukosi kinaingia kwenye mfuko wa SGLT kihalali kabisa, vifungo vinatimia. Mlango ukijaribu kujifunga, mkia uko kizingitini. Tena mkia nao unapata pa kujishikiza, kwa hiyo florizini inashikwa kwa nguvu zaidi ya mara elfu ikilinganishwa na glukosi. Kwa kisafirishi, huo ni mshiko wa kifo.

Kwa dawa ya kumeza haikufaa, maana vimeng'enya vya utumbo vinaikata mkia pale unapounganishwa kwa oksijeni. Wakemia wakaiondoa oksijeni hiyo na kukiunganisha kichwa na mkia moja kwa moja kwa kaboni. Huo ndio mwanzo wa jamii ya gliflozini, zilizoanza kuidhinishwa kutibu kisukari kuanzia mwaka 2012, nazo hulenga SGLT2 ya figo. Figo huchuja gramu 180 hivi za glukosi kwa siku na kuzirudisha karibu zote damuni. SGLT2 peke yake hurudisha kama asilimia 90. Kwa hesabu hiyo, ukiikwamisha, mgonjwa angepoteza karibu sukari yote kwenye mkojo. Hapotezi hata nusu. Mbele kidogo kwenye mrija uleule imekaa SGLT1, ile inayotaka sodiamu mbili kwa kila glukosi, na inaokota sehemu kubwa ya kile mwenzake alichoshindwa kukishika.